Kibarua cha Paka wa Makaburini

Shangazi, shikamoo.

Najua hutaitikia, ila wewe hukuwa mtu wa kuanzishiwa mazungumzo bila shikamoo, hata kama mtu amekuja kukuambia nyumba inaungua. Kwa hiyo nimeiandika, nimesubiri kidogo, kisha nimejiitikia marahaba kwa niaba yako. Sasa tuendelee.

Nimerudi kazini juzi. Walimu wenzangu wananipa pole, wananishika mkono kwa mikono miwili, halafu naona wananiangalia usoni kana kwamba kuna kitu wanakikosa. Nimelia, usije ukadhani sikulia. Nililia mpaka mama akanikataza. Lakini baada ya kulia kuna kitu kingine kimekaa kifuani, na siku zote hizi nimekuwa nikiona haya kukitaja mbele za watu. Ni nafuu, Shangazi. Nimepumua. Mwanamke wa Misungwi, mzee, mjane, mwenye macho mekundu kama yale yako, umekufa kifo cha Mungu. Hilo tulilokuwa tukiliomba kwa miaka yote hiyo bila kulisema kwa sauti, tumepewa. Nimwambie nani hivyo akanielewa? Nimeona nikwambie wewe.

Ulifika kwetu nikiwa kidato cha pili, mwaka ule baba alipopunguzwa kazini. Unaikumbuka ile miaka, kila kitu kilikuwa kinafunguliwa: maduka ya watu binafsi, marobota ya mitumba, viwanda vya minofu ya sangara huko ufukweni. Na watu waliokuwa na ajira tangu ujana wao wakarudi nyumbani mchana kweupe, wakakaa barazani wakiwa na viatu vya kazini miguuni. Baba alikaa hivyo mwezi mzima. Kisha ikaja habari yako, akasimama, akapanda basi la asubuhi kwenda kukuchukua.

Kwenu miti iliisha zamani, mkawa mnapikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka, na moshi wake ndio uliokupa yale macho. Kila mtu kijijini alilijua hilo, kwa sababu hakukuwa na jiko lisilo na moshi huo. Ila mtu akifiwa na mtoto, maarifa hayo huyeyuka upesi sana. Waliofiwa wakaenda kwa mganga, mganga akapiga ramli, akasema mbaya wao ni mama wa macho mekundu asiye na mume. Mlikuwa wawili mliofanana na maneno hayo. Mwenzako, yule mliyekuwa mkigawana mbegu za mtama, walikuwa wamekwisha kumuua. Ukabaki wewe.

Baba akakuleta na kifurushi kimoja na kuku mmoja. Mama akakuuliza mbona kuku mmoja tu, na ulikuwa na kuku wengi. Ukamjibu kwamba waliobaki umewaachia wenye wivu, wakaange. Mama hakujua acheke au asicheke. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya pazia nikikuangalia, na nikaona mkono wako haukiachii kile kifurushi wakati mdomo unafanya mzaha.

Hukukaa bure. Mama alikuwa ameanza kununua mapanki pale mlangoni mwa kiwanda, yaani ile mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishakwenda Ulaya, na kuyakaanga kwenye karai mbele ya nyumba. Ukashika kazi hiyo kama uliyezaliwa nayo. Ulijua panki lipi bado lina nyama shingoni na lipi ni udanganyifu mtupu. Watu wa mtaa walikuwa wanakula, wanatafuna, wanatema mifupa hapohapo, na jua likipanda harufu yake ilikuwa si ya kukaa nayo. Mwenye nyumba akalalamika. Wewe ukaokota mifupa yote ukaitia kwenye ndoo, ukaniambia twende tukaitupe mbali na pua za watu. Mbali penyewe palikuwa pale juu, kwenye makaburi ya zamani nyuma ya nyumba zetu.

Nimepanda huko jana, Shangazi, nikakaa. Nakumbuka siku ile ya kwanza kana kwamba ndoo bado iko mkononi mwangu. Yalikuwa makaburi ya Wahindi Waislamu, ya watu waliokuja Mwanza kabla babu zetu hawajajua viatu, yamejengwa kwa saruji kati ya yale mawe makubwa yaliyobebana. Ukuta ulikuwa umebomoka upande mmoja. Chini yake unaliona ziwa lote, mpaka kwenye visiwa. Na juu ya makaburi, paka. Kila kaburi na mwenyewe, wamejinyoosha wametulia kama wapangaji waliolipa kodi ya mwaka mzima. Mmoja wa kijivu amelala chali, tumbo juu, mkono mmoja umening'inia. Mwingine mwenye chongo amejikunja juu ya kaburi dogo la mtoto. Paka mama amejilaza kwenye kivuli cha jiwe la kichwani, vitoto vinamnyonya, naye amefumba macho hana habari na mtu. Ilikuwa saa kumi jioni, saruji bado ina joto la mchana. Hakuna aliyekimbia. Yule wa kijivu alitutazama kwa jicho moja tu, la pili hakujisumbua kulifungua.

Ukacheka. Ilikuwa mara ya kwanza nakusikia ukicheka tangu ufike kwetu. Ukaweka ndoo chini, ukakaa kwenye jiwe, ukacheka mpaka ukajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Hawa ndio wamefika," ukasema.

Tangu siku hiyo ikawa kila jioni. Mimi nikitoka shule nakukuta umeshaifunika ndoo unanisubiri, ukinilaumu kwamba nachelewesha watu. Watu! Ulikuwa ukipanda pale na kisu kidogo, unawachambulia mifupa isiwakwame. Na siku moja ukaniuliza yale maandishi kwenye mawe yanasema nini, kwa kuwa wewe hukusoma. Yale ya Kiarabu sikuyaweza, lakini chini yake majina yalikuwa yameandikwa kwa herufi zetu. Nikakusomea. Sakina. Abdulrasul. Zehra. Yusufu. Ulinirudisha tena na tena mpaka ukayashika yote. Kisha ukampa kila paka jina la kaburi lake. Nilipokuambia hivyo sivyo, majina ya watu hayapewi wanyama, ulinigombeza. Ulisema kwetu Usukumani mtoto akizaliwa hupewa jina la aliyetangulia ili jina lisipotee, na hawa marehemu, wana wajukuu gani hapa wa kuwaita? Kama paka ndiye aliyekubali kukaa nao, basi paka arithi. Na kusema kweli nilikuwa nimeshaanza kumwita yule wa kijivu Sakina mimi mwenyewe.

Sasa hebu jiweke mahali pa Mama Neema.

Mama Neema, jirani yetu wa mlango wa tatu, alikwenda siku moja kukata majani ya mbuzi wake upande wa juu. Anasikia sauti. Anachungulia. Anamwona bibi kizee mwenye macho mekundu, mgeni mtaani, amesimama katikati ya makaburi na kisu mkononi, anawaita wafu kwa majina yao. Sakina, njoo ule. Abdulrasul, amka baba, jua linazama. Na wao wanaamka! Wanatoka nyuma ya makaburi, mmojammoja, wanajinyoosha, wanamfuata. Shangazi, hata mimi, ningekuwa sikujui, ningeshuka kile kilima na kiatu kimoja.

Jioni ileile mtaa mzima ulikuwa na habari. Kwetu Misungwi watu husema mchawi hupanda fisi. Mjini hakuna fisi, kwa hiyo ikabidi wakutafutie paka. Asubuhi yake mapanki yalipoa kwenye karai. Waliokuwa wanakuja na sahani wakapita wanaangalia upande wa ziwa. Watoto waliokuwa wanakuita bibi wakavushwa barabara na mama zao. Mtu mmoja, hatukumjua, alimwaga majivu mbele ya mlango wetu.

Mama akaogopa. Simlaumu, alikuwa na watoto ndani. Akamwambia baba afadhali wakuvushe ziwa kwenda Kamanga, kuna binamu yenu upande wa Sengerema, ukakae huko mpaka maneno yapoe. Baba hakukubali wala hakukataa, akatoka kwenda kukaa barazani. Mama akakufungia nguo zako kwenye kile kifurushi kilekile ulichokuja nacho. Mimi nikakuomba, nikakupigia magoti kabisa, uache kupanda kule. Au kama ni lazima, basi usiwaite. Wape tu mifupa, ushuke. Ulikuwa unaosha ndoo. Hukuniangalia.

"Misungwi nilikimbia watu," ukasema. "Hapa nikimbie hata paka?"

Na jioni ukapanda. Nikakufuata, kwa kuwa nilikuwa naogopa zaidi kubaki nyumbani nisijue umefikwa na nini. Ukawaita wote kwa majina, kwa sauti ileile. Nakwambia ukweli, siku ile nilikuchukia kidogo kwa ubishi wako.

Kisha Neema akaugua. Mtoto wa miaka minne hivi, mchangamfu, aliyekuwa anapenda kuja kuomba mkia wa panki. Homa ikampanda, mwili ukakakamaa, macho yakageuka juu. Degedege. Na unajua watu wetu na degedege: hospitali hapana, sindano itammaliza, hiyo ni ya kutafutiwa aliyeituma. Hakukuwa na haja ya kutafuta mbali.

Balozi wa nyumba kumi akaitisha mkutano mchana huohuo, uwanjani kwa Mama Neema. Vijana wa sungusungu, walinzi wa mtaa, wakaja na marungu yao, wakaketi mstari wa mbele. Baba alikaa upande wako wa kulia, mama upande wa kushoto, na mama alikuwa amekushika mkono. Yeye aliyekufungia nguo. Mimi nikasimama nyuma yenu. Nilikuwa nawaza jambo moja tu. Ukiondolewa hapa utakwenda wapi? Kamanga nako kuna watu na kuna wagonjwa. Macho yako utakwenda nayo popote. Na kama yule mtoto ndani angekata roho mkutano haujaisha, hata safari ya Kamanga isingekuwepo.

Mama Neema akaeleza aliyoyaona, na hakuongeza chumvi. Haikuhitaji chumvi. Balozi akakuuliza kama ni kweli unawaita marehemu wa watu. Ukajibu kwamba kwanza wampeleke mtoto hospitali, halafu ndiyo muulizane mambo ya paka. Watu wakanung'unika. Ukalisema tena. Hakuna aliyekusikiliza.

Basi balozi akasema kwa kuwa majina yaliyoitwa ni ya ukoo wa watu, wenyewe waitwe. Akatumwa mtu dukani kwa Mzee Jafari.

Mzee Jafari unamjua, na mtaa mzima ulimjua. Duka lake la pale kona, mafuta ya kula, sabuni za mche, chumvi. Alizaliwa Mwanza, baba yake alizaliwa Mwanza, Kisukuma anakisema kuliko mimi, na kwa ubahili hakuwa na mpinzani. Chenji yake ilikuwa pipi. Wewe mwenyewe ulishawahi kumrudishia pipi zake zote kwa siku moja ukamwambia akupe chumvi. Akaja na kandambili zake na funguo za duka mkononi, amekasirika kufungishwa duka mchana. Balozi akamweleza. Huyu bibi huenda makaburini kila jioni. Ana paka. Mmoja anamwita Sakina. Sakina alikuwa mama yake mzazi. Tukamwona anashtuka. Nikasema kimoyomoyo, basi, tumekwisha. Hata kama wa mtaa wangesamehe, huyu ametukaniwa mama.

Akakusogelea. Akauliza kwa Kisukuma, polepole, "Huyo paka unayemwita Sakina, yukoje?"

Ukamjibu kama mtu aliyeulizwa habari za jirani. Ukasema wa kijivu, mnene, hali mpaka wengine wakae mbali. Hapendi kuguswa tumbo. Ukimgusa anakupiga kofi, lakini kucha hatoi.

Mzee Jafari akainamisha kichwa. Nilidhani anatafuta maneno ya kukulaani. Alipokiinua, uso wake ulikuwa umebadilika, na hakukuangalia wewe, alimwangalia balozi.

"Huyu mama nimemwajiri mimi," akasema. "Mama yangu alilisha paka maisha yake yote. Alipofariki nikatafuta mtu. Na majina yameandikwa pale ili yaitwe, sisi wenyewe hatuendi kuyaita."

Halafu akakugeukia wewe, akakunja uso, akakunyooshea ufunguo.

"Na juzi hukwenda. Nitakukata mshahara."

Shangazi, wewe na mtu huyu hamkuwahi kuzungumza lolote zaidi ya chumvi na chenji. Mshahara wake hukuwahi kuuona wala kuuota. Mimi niliyesimama nyuma yako nilibaki mdomo wazi. Wewe hukubabaika hata kidogo.

"Juzi mvua ilinyesha, bosi," ukasema. "Paka wako hawali kwenye mvua."

Mtu mmoja akacheka. Halafu wawili. Nikawaona watu wanavyobadilika sura mbele yangu, mpaka leo nikifundisha watoto nawaza ningewaelezaje. Kulisha paka bure, kwa mapenzi tu, huo ulikuwa uchawi. Kulisha paka kwa mshahara ni kibarua, na mwaka ule nusu ya wanaume wa mtaa walikuwa wamekaa barazani, hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumlaumu mwenzake kwa kibarua. Mambo ya Wahindi na paka wao, wakasema. Mwenye mali hakosi la kufanya. Balozi akakohoa akasema kumbe suala lenyewe ni la ajira, si angeelezwa mapema. Na sauti ileile uliyoitumia mwanzo ukaitumia tena kusema mtoto apelekwe hospitali, na safari hii, kwa kuwa sasa ulikuwa mtu mwenye kazi yake, wakakusikia. Vijana wa sungusungu wakaweka marungu chini ukutani, wakambeba Neema wakashuka naye mbio. Aliwekewa dripu. Alirudi nyumbani amekonda, anauliza mkia wake wa panki.

Kuna kitu sikukwambia. Siku chache baadaye Mama Neema alinivizia kisimani. Nikajua anataka kuomba radhi, nikajikaza nisiwe mgumu. Akaniuliza kama kwa Mzee Jafari kuna nafasi nyingine. Ana kaka yake yupo tu, yeye hata mbwa angelisha. Nilikwenda kulicheka jambo hilo chumbani, nimeziba mdomo kwa mto. Radhi aliomba baadaye, kwa njia yake: alianza kukuletea kuni.

Na Mzee Jafari, bahili wa mabahili, akajikuta ameajiri mtu mbele ya mashahidi. Alikuja nyumbani kesho yake akajifanya amekuja kukukaripia kwa kumjibu mbele za watu. Akaacha nusu lita ya mafuta na sukari kwenye karatasi. Ikawa hivyo kila Ijumaa. Alikuwa akitoka msikitini anapanda pale juu, anamwombea mama yake, kisha anakagua kazi. Mligombana miaka yote hiyo. Yeye anasema paka wamekonda, wewe unasema wamekonda kwa sababu ya mwajiri. Mwaka wa pili ukamdai likizo. Akakuuliza likizo ya kwenda wapi, ukamwambia ya kukaa. Akakupa, halafu Ijumaa ikafika akaja kukuuliza kama umeshapumzika. Siku moja nilimkuta amekaa peke yake karibu na kaburi la mama yake, Sakina wa kijivu kwenye mapaja yake, anamkuna kichwa na kuzungumza naye kwa lugha yao. Niligeuka taratibu nikashuka. Nilikuja kukusimulia, ukasema mwache, huyo naye amefika.

Lakini nikiri jambo hili, kwamba sikuwahi kutulia kabisa. Kila mtoto aliyeugua mtaani nilimhesabu. Kila msiba, nilikwenda nikiwa nimetega masikio. Niliposomea ualimu mbali na nyumbani, kila nilipoletewa habari kwamba nyumbani wananitafuta, jambo la kwanza nililouliza ni wewe. Nilikuwa nikisikia ya Misungwi na kwingineko, bibi huyu, bibi yule, nazima redio. Ulizeeka mbele ya macho yangu, ukaacha kupanda kilima, mama akachukua ndoo, na bado mimi niliogopa. Ulikuwa umekaa tu barazani na kanga yako, unachambua dagaa, na mimi naangalia nani anapita na anaangaliaje. Wewe uliniambia niache, ukasema nitazeeka kabla yako. Kwa hofu sikuwa mbali na hapo.

Kisha asubuhi ile mama akakuletea uji, akakuita, hukuamka.

Wengine walisema uzikwe hapahapa Mwanza, yaishe. Baba akakataa. Alisema dada yake aliondoka kijijini kama mwizi, atarudi kama mtu. Tukakodi gari, tukakupeleka. Njia nzima nilikuwa nimekushikilia sanduku lako nikiwaza watatupokeaje. Walitupokea. Walikuwa wengi kuliko nilivyofikiri. Wengine walikuwa walewale, Shangazi, nami niliwasalimia, kwa kuwa baba aliwasalimia.

Unajua desturi yetu msibani, kabla ya kwenda kaburini mtu wa familia husimama akaeleza marehemu aliugua nini, alianza lini, alitibiwa wapi, mpaka mauti yakamkuta. Watu husikiliza maelezo hayo kuliko mahubiri. Hapo ndipo wanapotafuta nani alaumiwe. Baba akasimama na kofia yake mkononi. Nilijua hana la kusema, na nikaona kwamba hilo ndilo la kusema. Akasema dada yake hakuugua. Alikula ugali na sato, akaomba maji, akamtania wifi yake, akalala. Alikuwa amezeeka. Akakaa.

Watu wakasubiri. Walidhani amepumzika tu, ataendelea. Hakuendelea.

Kando ya ukuta wa nyumba, penye kivuli, kulikuwa na bibi watatu waliokuja pamoja. Wajane, nilikuja kuambiwa baadaye. Macho yao yalikuwa kama yako. Tangu tufike walikuwa hawajalia wala hawajaimba, wamekaa karibu karibu. Mmoja wao akasimama kwa fimbo yake. Wanaume wakageuka, kwa kuwa si kawaida kumuuliza swali aliyekwisha kutoa maelezo.

"Kitandani?" akauliza.

"Kitandani," baba akasema.

"Hakuna aliyemshika?"

"Hakuna, mama. Amezeeka tu."

Yule bibi hakumuuliza tena baba. Akawageukia wenzake wawili, na hakusema kwa sauti kubwa, ila uwanja ulikuwa kimya na sote tulisikia.

"Kumbe inawezekana," akasema.

Nenda salama, Shangazi yangu. Pumzika bila kuamshwa na mtu.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako.